Mshipi wa kuvulia kwenye magugu: namna ya kuuchagua, kuufunga na kuutunza

Sato mwenye ukubwa wa sahani akimeza chambo pembeni mwa yungiyungi, hakimbilii kilindini. Anageuza kichwa na kuingia kwenye mashina. Anazunguka mara moja, mara ya pili, na mshipi umeshajifunga kwenye mashina matatu manne. Kuanzia hapo huvuti tena sato wa kilo moja, unavuta kichaka chenye sato ndani yake.

Wengi hununua mshipi kwa kukadiria uzito wa samaki, kisha wanashangaa samaki mdogo anapowakatia. Mimi navua Ghuba ya Mwanza, kwa mshipi wa mkono na kwa ufito wenye rili (gurudumu la kuviringishia mshipi), na nguzo yangu ni hii: mshipi unachaguliwa kwa kuangalia majani kwanza, samaki baadaye. Ukishaununua, unachungwa zaidi mita zake mbili za mwisho, maana ndizo zinazosuguliwa.

Yatambue majani yaliyo mbele yako

Kabla ya kufungua pochi dukani, simama ufukweni uangalie. Katika Ziwa Victoria utakutana na makundi manne, na kila moja linautesa mshipi kwa namna yake.

Gugu maji huelea. Mizizi yake myeusi inaning'inia majini kama manyoya, na ndoano ikigusa hapo inanasa. Mzizi wenyewe ni laini na hukatika, ila uzito wake ni mkubwa kwa sababu mmea mmoja umeshikana na mwenzake. Jambo jingine: kisiwa cha gugu maji husafiri. Mahali palipokuwa wazi asubuhi panaweza kuzibwa mchana upepo ukigeuka, na mtumbwi ukabaki ndani.

Yungiyungi lina mashina marefu, ya mviringo, yanayoteleza. Mshipi hujizungusha hapo kwa urahisi, lakini shina lake hukatwa na uzi mwembamba uliokazwa.

Mafunjo na matete ndiyo wakatili. Shina la mafunjo lina pembe tatu na ni gumu, na kingo za majani ya matete zinakwaruza hata ngozi ya mkono. Nailoni nyembamba ikisuguliwa hapo mara mbili inabaki na michubuko.

Mwisho ni majani yanayokaa chini ya maji, yale laini yanayofanana na mkia wa mbweha. Hayakati mshipi. Yanachofanya ni kuvika ndoano, na samaki haoni tena chambo.

Angalia pia samaki anayeishi hapo. Chini ya zulia zito la gugu maji hewa ndani ya maji hupungua. Kambare na kamongo wanavumilia kwa sababu wanaweza kuvuta hewa juu ya maji, lakini sangara hapendi kabisa hali hiyo. Ukitupa ndoano katikati ya zulia, jiandae kwa kambare au kamongo. Sato mtafute pembezoni, majani yanapokutana na maji yaliyo wazi.

Aina tatu za mshipi

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo tunayoizoea wote. Ni rahisi, inapatikana mpaka kwenye vibanda vya mwalo, na inashika fundo vizuri. Kasoro yake kwenye magugu ni kunyumbuka. Ikivutwa sana inaweza kurefuka kwa zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika, kwa hiyo ukiwa umeachia mita 20 unapopiga kumnasa samaki, nguvu nyingi inaishia kwenye kunyumbuka na samaki anapata muda wa kuingia kwenye mashina. Tena nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu kidogo. Kwa mshipi wa mkono, hata hivyo, bado naiheshimu: ni nene, haikati kiganja, na ule mnyumbuko unasaidia pasipo na ufito wa kupinda.

Uzi wa kusuka umetengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za plastiki ngumu. Huu ndio chaguo langu la kwanza kwenye yungiyungi na gugu maji. Haunyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo ukipiga, ndoano inazama mdomoni papo hapo. Unaelea, hivyo haujilazi katikati ya mashina wakati unasubiri. Na ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, kwa hiyo ukikazwa unapita kwenye shina la yungiyungi kama msumeno. Adui yake ni jiwe. Hapa Mwanza majabali yanaanzia nchi kavu yanaingia ziwani, na mahali pengi matete yameota katikati ya mawe. Hapo uzi wa kusuka ukilala kwenye ukingo wa jiwe na samaki akavuta, unakatika kabla hujajua kilichotokea. Dawa yake ni kipande cha mbele cha nailoni nene, nitakieleza chini.

Fluorokaboni inafanana na nailoni kwa macho, lakini ni nzito zaidi, inazama, na haionekani sana majini. Ni nzuri kwenye maji maangavu. Maji ya ghuba yetu ni ya kijani na yana tope muda mwingi, kwa hiyo sioni sababu ya kutoa pesa hiyo. Weka akiba ununue ndoano nzuri.

Unene na nguvu za kuanzia

Maboksi mengi yameandikwa nguvu kwa paundi, kwa herufi lb. Paundi moja ni kama kilo 0.45, kwa hiyo 50 lb ni karibu kilo 23.

Kwa sato kwenye yungiyungi au pembeni mwa gugu maji, ufito ukiwa na rili, anza na uzi wa kusuka wa 50 lb. Mtu atakuambia ni mkubwa mno kwa samaki wa kilo moja. Mwambie hujaununua kwa ajili ya samaki. Kwa kambare mkubwa au kamongo kwenye mafunjo, panda mpaka 65 au 80 lb. Kwa majani laini ya chini ya maji, nailoni ya milimita 0.35 hadi 0.40 inatosha na chambo kinatembea vizuri zaidi. Kwa mshipi wa mkono, usishuke chini ya milimita 0.60, na kwenye mafunjo mimi natumia 0.80.

Kamongo anahitaji neno la peke yake. Mdomoni ana mabamba magumu ya kusagia konokono, na nailoni ya kawaida anaisaga vilevile. Mwekee waya mwembamba wa sentimita 20 kabla ya ndoano, au nailoni ya milimita moja. Na usitie kidole mdomoni mwake kutoa ndoano hata kama ametulia, tumia koleo. (Hao konokono anaowala, baadhi yao ndio wanaobeba kichocho. Namheshimu kwa kazi hiyo.)

Unaponunua, angalia umri wa mshipi. Nailoni inaharibiwa na jua hata kama haijawahi kugusa maji. Nilishawahi kununua mafungu mawili kwenye kibanda yaliyokuwa yamening'inizwa nje, mazuri kwa macho, na siku ya kwanza tu yakakatika kama uzi wa buibui. Siku hizi naomba kuvuta mita moja. Napitisha vidole: ikiacha unga mweupe, naiacha. Kisha nafunga fundo la kawaida na kulivuta kwa mikono miwili. Nailoni nzima hunyumbuka kwanza, ikikataa, halafu ndiyo inakatika. Iliyoharibika inakatika kavu, bila kunyumbuka.

Kujaza rili au kibao

Uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye kiini cha rili huteleza: samaki anavuta, kiini kimesimama, uzi unazunguka wenyewe. Anza na mita tano hadi kumi za nailoni, kisha unganisha uzi wa kusuka juu yake.

Wakati wa kujaza, mtu mmoja ashike uzi kwa kitambaa kilicholowa ili uingie ukiwa umekazwa. Ukijaza kwa ulegevu, siku ya samaki mkubwa uzi wa juu utazama katikati ya ule wa chini na kukwama. Acha milimita mbili hivi kabla ya ukingo wa kiini. Ukijaza mpaka pomoni, uzi unamwagika wenyewe na kujifunga mafundo.

Kwa mshipi wa mkono, tafuta kibao kipana cha kuviringishia. Kibao chembamba huacha nailoni imejikunja kama chemchemi. Ikishajikunja, funga ncha kwenye mti, tembea mita 30, uivute polepole na kuishikilia kwa dakika moja. Itanyooka.

Mafundo mawili yanatosha

Fundo la kwanza ni la kufungia ndoano, na linafaa uzi wa kusuka na nailoni:

1. Kunja mshipi uwe mara mbili kwa urefu wa kiganja, upitishe kitanzi kwenye tundu la ndoano.
2. Funga fundo la kawaida kwa mshipi huo uliokunjwa, bila kulikaza. Ndoano iwe inaning'inia chini.
3. Chukua kitanzi kilichobaki, kipitishe juu ya ndoano nzima mpaka kivuke tundu lake.
4. Lowesha kwa mate au maji, kisha vuta ncha zote mbili pamoja, taratibu. Kata mkia, uache milimita tano.

Usiruke kulowesha. Nailoni ikikazwa kavu inapata joto la msuguano na kuungua palepale kwenye fundo, na hutaona kwa macho.

Fundo la pili ni la kuunganisha uzi wa kusuka na kipande cha mbele. Laza ncha mbili sambamba, zipishane sentimita 20. Kwa ncha ya kwanza tengeneza kitanzi juu ya mishipi yote miwili, izungushe ndani ya kitanzi hicho mara nane kama ni uzi wa kusuka, mara tano kama ni nailoni, kisha ikaze. Fanya hivyohivyo kwa ncha ya pili. Lowesha, vuta mishipi mirefu kwa pande mbili, na mafundo yatateleza mpaka yakutane. Kipande cha mbele kiwe nailoni ya milimita 0.60, urefu wa mita moja na nusu. Penye yungiyungi tupu, pasipo mawe wala matete, sikiweki: shina linakatwa vizuri zaidi na uzi wenyewe.

Sasa jaribu kwa ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo uliyonayo nyumbani ni mizani. Weka lita 15, funga ndoano kwenye mpini, ushike mshipi kwa kijiti na kunyanyua polepole. Mshipi wa kilo 23 ukiwa na fundo zuri utanyanyua. Ukikatika, angalia ulipokatikia. Ukikatikia kwenye fundo, funga upya. Ukikatikia katikati, mshipi wenyewe una jeraha.

Ndoo hiyohiyo inapanga breki ya rili, ile inayoachia uzi samaki anapovuta kwa nguvu. Weka lita sita au saba, yaani kama theluthi ya nguvu ya mshipi, vuta moja kwa moja kutoka kwenye rili bila kutumia ufito, na legeza au kaza mpaka breki ianze kuteleza ndoo inapotaka kuinuka. Rili ndogo nyingi hazifiki hapo. Kama yako inateleza kwenye lita nne hata ikikazwa kabisa, hiyo si rili ya kupeleka kwenye mafunjo.

Ndoano isiyonasa majani

Unaweza kuitengeneza mwenyewe. Kata nailoni ngumu ya milimita 0.80, urefu wa sentimita tano. Ilaze kwenye mgongo wa ndoano nyuma kidogo ya tundu, uifunge kwa uzi wa cherehani mizunguko 15 hivi, utone gundi kali tone moja. Ikikauka, ipinde ije mbele mpaka ncha yake ivuke kidogo ncha ya ndoano, kama mlango uliorudishwa bila kufungwa. Bonyeza kwa kidole: ilegee kwa urahisi na kurudi yenyewe. Ikiwa ngumu mno, inamzuia samaki pia. Nilizotengeneza mwanzoni zilikuwa ngumu hivyo, na nilipoteza siku nzima nikihisi midomo inagusa na kuacha.

Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoano, iwe nyembamba na ndefu kama kalamu, maana ya mviringo hukaa kwenye panda ya mizizi. Na usiifunge kwenye mshipi mkuu. Ining'inize kwa kipande cha nailoni dhaifu, milimita 0.25. Chubwi ikinasa, kipande hicho kinakatika, unaondoka na ndoano na samaki wako.

Samaki akishajificha

Kwanza usikurupuke kuvuta. Kaza mshipi na uelekeze ufito kwa samaki. Kama uko mtumboni, sogea mpaka uwe juu yake, uvute kutoka juu, maana mashina yaliyosimama huachia yanapovutwa kuelekea juu kuliko yanapovutwa kwa upande. Ikishindikana, legeza kabisa na subiri dakika moja au mbili. Mara nyingi samaki akihisi uzito umeondoka hutoka kwa njia aliyoingilia.

Usizungushe uzi wa kusuka mkononi. Utaingia kwenye nyama kabla hujapiga kelele. Zungusha kwenye kijiti, geuza uso pembeni, vuta kwa mstari ulionyooka.

Wala usiingie majini kumfuata. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na kwenye mafunjo kuna kiboko na mamba.

Ukimpata na akawa mdogo, sato chini ya sentimita 25 au sangara chini ya sentimita 50, lowesha mikono kwanza, mtoe ndoano, umrudishe.

Matunzo, siku ileile

Kila baada ya samaki mmoja au mnaso mmoja, pitisha mita mbili za mwisho katikati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikiwa na sugu, tumia mdomo wa chini, unahisi zaidi. Ukihisi kijikwaruzo hata kidogo, kata hapo na ufunge upya. Inauma kukata mita ya mshipi mpya. Mimi niliacha kijikwaruzo kimoja jioni moja kwa sababu giza lilikuwa linaingia na nilitaka kutupa mara ya mwisho. Samaki aliyekuja alikuwa kamongo mnene kama paja la mtoto. Nilimwona kichwa, nikaona na mkia, halafu mshipi ukarudi mtupu, umekatika palepale nilipopagusa.

Nyumbani, ondoa kwanza nyuzi za majani zilizojiviringa kwenye pete za ufito na kwenye kiroli cha rili kinachopitisha uzi. Majani hayo yakikauka hapo yanashika mchanga, na mchanga unakata. Futa mshipi kwa kitambaa chenye maji safi ya uvuguvugu. Rili usiizamishe wala usiipige kwa maji ya bomba yenye nguvu, utasukuma tope ndani ya meno yake. Inyunyizie kidogo, ifute, ikauke kivulini. Kisha legeza breki, maana ikikaa imekazwa wiki nzima vile visahani vya ndani vinabanwa na kupoteza ulaini. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiroli linatosha kwa mwezi. Grisi ya ndani, mara mbili kwa mwaka.

Pete za ufito zikague kwa pamba. Ipitishe ndani ya kila pete ukiizungusha. Ikiacha nyuzi, kuna ufa, na ufa huo ndio unaokukatia mshipi kila wiki huku ukilaumu kiwanda.

Ndoano ivute juu ya ukucha wa gumba bila kubonyeza. Ikishika ni kali, ikiteleza inataka kunolewa kwa tupa. Noa kuelekea kwenye ncha, mara tatu nne tu. Zikaushe kabla ya kuzifungia kwenye kopo, maana ndoano moja mbichi inazitia kutu zote.

Kuhifadhi nako kuna maadui wake. Jua nimeshalitaja. Mwingine ni tindikali ya betri. Mitumbwi mingi inabeba betri za taa za dagaa, na tone moja la maji yake likidondokea nailoni linailainisha mpaka inakatika kwa mkono. Weka mishipi mbali na betri. Dawa ya mbu ya kupaka nayo huyeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu chambo bandia, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kugusa vifaa.

Nailoni ninayotumia kila wiki naibadilisha kila baada ya miezi mitatu au minne. Uzi wa kusuka unaishi zaidi. Baada ya mwaka naugeuza, ule uliokuwa ndani ya kiini unakuwa mbele, na napata mwaka mwingine.

Kabla hujahama kwenda bwawa au mto mwingine, tikisa kila kitu: kikapu, nanga, wavu wa kunyanyulia samaki. Kipande kidogo cha gugu maji kinaota upya, na mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi.

Vipande ulivyovikata usivitupe ziwani. Nailoni haiozi, ndege wa majini hunasa miguu humo, na ikijizungusha kwenye mhimili wa panga la injini ya boti inakata mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Mimi nina kopo la maziwa lenye tundu kwenye mfuniko, limefungwa pembeni mwa mtumbwi. Kila kipande kinaingia humo, na nyumbani navikatakata vifupi vya sentimita mbili kabla ya kuvitia kwenye taka.